Muundi ulio wazi: ngozi ya paja au nyama ya shavu la mguu?

Siku ya kumi na tisa baada ya ajali, sista alipokuwa akiloweka shashi kwa maji ya chumvi ili isimnyofoe ndugu yangu, niliuona mfupa wa muundi wake. Ulikuwa mkavu, wa manjano, upana wa vidole viwili. Aligongwa akiwa kwenye bodaboda, Thika Road. Vyuma vya nje vilikuwa vimeushika vizuri mfupa uliovunjika, ila ngozi ya kuufunika haikuwepo. Kila asubuhi madaktari walipita na jibu lilelile: tunangoja nyama nyekundu iote, kisha tubandike ngozi.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza kama kungoja kule kulikuwa kwa lazima. Madaktari wenyewe hawajakubaliana, na hakuna upande unaobahatisha.

Kuna wanaofuata ngazi. Kidonda kikiweza kujifunga, kiache. Kisipoweza, kishone. Kisiposhoneka, pandikiza ngozi. Na ngozi ikikataa, ndipo uhamishe nyama. Kupandikiza ni kukwangua utando mwembamba pajani, kuutoboatoboa ili utanuke na damu isijikusanye chini yake, kisha kuulaza juu ya kidonda. Paja hupona lenyewe kwa wiki mbili hivi. Kidato cha juu kabisa ni flapu huru: nyama inakatwa sehemu nyingine ya mwili pamoja na mishipa yake ya damu, halafu mishipa hiyo inaungwa mguuni kwa darubini na uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi hiyo huchukua saa sita, nane, hata zaidi. Usiku kucha muuguzi lazima aitazame rangi yake na kuigusa joto lake kila saa, maana mshipa ukiziba zimebaki saa chache tu za kuiokoa.

Hoja hiyo ina uzito Nairobi. Wodi za majeraha ya moto zina watoto waliomwagikiwa chai na uji, na wao pia wanangoja ngozi. Flapu moja ikimaliza siku nzima ya chumba cha upasuaji, watoto kadhaa wanasogezwa wiki ijayo. Daktari anayeamua hivyo hawezi kuitwa mzembe. Anagawa kichache alicho nacho.

Wengine wanasema panda lifti: kidonda chenyewe ndicho kiseme kinataka ghorofa ya ngapi. Ngozi iliyobandikwa haiji na mshipa wake. Siku mbili za kwanza huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda, kisha mishipa midogo ya chini huungana nayo, na kufikia siku ya tano au ya saba huwa imeshika. Mfupa uliovuliwa utando wake hauna damu ya kuigawia, wala kano iliyo wazi haina. Flapu huja na damu yake. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 532 wa Marko Godina, daktari wa Ljubljana, Slovenia: kati ya waliofunikwa kwa flapu huru ndani ya saa 72, chini ya asilimia 1 ndio waliopoteza flapu; kati ya waliofunikwa baada ya hapo, hadi miezi mitatu, walioipoteza walikuwa asilimia 12. Maambukizi nayo yalikuwa asilimia 1.5 dhidi ya 17.5. Kidonda kikikaa, nyama inayokizunguka huvimba na kukakamaa, na mishipa inakuwa dhaifu kushonwa.

Lakini takwimu hizo zisisomwe kama msahafu. Godina alikuwa fundi wa kipekee, na alianza kwa kukata nyama yote iliyokufa bila huruma. Kwetu saa 72 mara nyingi huisha mgonjwa akiwa bado kwenye hospitali ya kaunti, jamaa wakitafuta gari na barua ya rufaa. Inauma, kwa sababu Nairobi si mgeni wa kazi hii. AMREF, shirika la afya lenye makao yake hapa, ilianzishwa na madaktari watatu wa fani hiihii ya upasuaji wa kurekebisha mwili mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, kwa wazo la kumfuata mgonjwa kwa ndege huko aliko.

Kwa maoni yangu, mjadala unakosewa unapowekwa kati ya ngozi na darubini. Katikati kuna shavu la mguu. Msuli wake wa juu huzungushwa ukafunika theluthi ya juu ya muundi. Ule ulio chini yake hufunika theluthi ya kati. Hakuna mshipa unaokatwa na kuungwa upya, wala darubini. Ukishalazwa msuli, ngozi ileile ya paja hubandikwa juu yake, na sasa inapata damu. Kinachotakiwa ni mtu wa kuamua mapema. Ugumu wa kweli uko theluthi ya chini, karibu na kifundo, ambako misuli imeshageuka kano. Hapo hutumika flapu ya ngozi ya nyuma ya mguu inayopinduliwa kwenda chini, ile Masquelet na wenzake wa Ufaransa walioieleza mwaka 1992. Haitaki darubini, ingawa ncha yake hufa wakati mwingine, hasa kwa wenye kisukari. Ikishindikana hiyo, gharama ya flapu huru ni ya haki.

Jeraha la ndugu yangu lilikuwa theluthi ya kati. Ngozi ilibandikwa wiki ya saba, baada ya nyama kutambaa juu ya mfupa kidogokidogo kutoka pembeni. Ilishika. Ila ni nyembamba kama ganda la kitunguu, imegandamana na mfupa, na hupasuka akijigonga kwenye ukingo wa kitanda. Huvaa soksi ndefu mbili kabla ya kutoka nyumbani. Tulipoenda kliniki nyingine nilimuuliza daktari kama msuli wa shavu ungefika pale. Aliukamata mguu, akapima kwa kiganja kutoka nyuma hadi kwenye kovu, akasema ungefika. Ila wiki ya kwanza.