Angela na Margareta: wongofu wa kweli au kalamu ya mwungamishi?

Angela wa Foligno na Margareta wa Cortona, wanawake wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko (tawi la walei) katika Italia ya karne ya 13, walikuwa Wakristo tangu utotoni. Toba ndiyo iliyowakuta ukubwani. Angela aliishika njia hiyo kwenye mwaka 1285, akiwa mke na mama wa watoto, umri ukikaribia miaka 40. Margareta alikuwa bado kijana, lakini alikwisha kuishi miaka tisa bila ndoa na mwanamume wa Montepulciano na kuzaa naye mtoto wa kiume, ndipo yule mwanamume akauawa.

Tatizo ni kwamba wote wawili tunawajua kupitia kwa mapadre waliowaungamisha. Wenye shaka husema maisha ya kwanza yametiwa giza makusudi ili neema ing'ae, na hawasemi hewani. Giunta Bevegnati, aliyeandika Legenda ya Margareta, yaani kitabu cha maisha yake, alikuwa wa Ndugu Wadogo, watawa wa Mtakatifu Fransisko, nao walikuwa na sababu ya kumdai awe wao. Mwaka 1288 Margareta alihamia mlimani, karibu na kanisa la San Basilio, akaja kuongozwa na padre wa kawaida asiye wa Ndugu Wadogo, Ser Badia, na alipofariki mwaka 1297 akazikwa huko huko. Kurasa zinazokazania Ufransisko wake zisomwe na mtu aliye macho.

Kwa Angela shida ni ya aina nyingine. Alisimulia kwa lahaja ya Umbria, na mwungamishi wake, anayejulikana kama Ndugu A. tu, akaandika mbio mbio kwa Kilatini. Hatua 20 za kwanza za safari yake ya kiroho zimepangwa moja moja. Zilizobaki, za kufikia 30, zilimshinda kuzitenganisha, akazibana zikawa saba. Aliposomewa, Angela alilalamika kwamba maneno ni makavu. Ndugu mwenyewe anakiri alikuwa kama chekecheke: unga laini umepita, yeye kabaki na chenga.

Kwangu mimi ungamo hilo linamwongezea sifa ya kuaminika, maana mtu anayetunga hatangazi kwamba kazi yake imepwaya. Hata Giunta, anayeshukiwa kukuza mambo, mara kadhaa ndiye anayepiga breki. Margareta alipotaka kuuharibu uso wake kwa wembe, alimkataza. Alipotaka kutembezwa Montepulciano na kamba shingoni, alimkataza tena.

Penye ugumu hasa ni kwenye watoto. Katika hatua ya 9 Angela anasema mama yake, mumewe na wanawe wote walifariki ndani ya muda mfupi, kwamba alikuwa amemwomba Mungu wafe, na kwamba vifo hivyo vilimpa faraja kubwa. Legenda nayo inamwonyesha Margareta mkali kwa mwanawe na mpole kwa maskini. Watetezi hujibu kuwa kuwaacha jamaa kwa ajili ya Kristo ilikuwa lugha ya kawaida ya watawa. Sawa, lakini jibu hilo halifuti ile sala. Tena, ukiita kifungu hiki mazoea ya uandishi, utaziacha vipi salama zile kurasa za maono matamu, zilizotoka kalamu ile ile? Naona ni cha kweli kwa sababu kinaaibisha. Maandishi hayo yalipitiwa na Kardinali Giacomo Colonna na Ndugu Wadogo wanane. Aliyetaka kumpamba Angela angekitoa kabla hawajakiona. Anayemhubiri Angela kwa wazazi akairuka hatua ya 9 anawapa Angela mwingine.

Margareta ana nafuu moja ambayo Angela hana. Mwaka 1278 alianzisha Cortona hospitali ya maskini, Santa Maria della Misericordia, na kazi yake kwa wagonjwa ilipata idhini ya askofu wa Arezzo mwaka 1286, akiwa bado hai, miaka mingi kabla Legenda haijakamilika. Mwenye kumshuku Giunta aanzie hapo.