Kiti Kitupu Kisiwe Kura ya Turufu

Tarehe 30 Novemba 2018 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipaswa kukutana Arusha. Mawaziri walishamaliza kazi yao, ajenda zilishapangwa, wajumbe walishafika. Burundi haikuja. Ilikuwa na ugomvi na Rwanda ambao ilitaka ushughulikiwe kwanza, na ilikwishaomba mkutano usogezwe mbele. Kwa kuwa kanuni za Mkutano wa Wakuu wa Nchi zilitaka kila nchi iwakilishwe ndipo akidi itimie, kikao kikaahirishwa. Kilifanyika 1 Februari 2019. Mkutano wa kawaida uliofuata ulikuja kufanyika 27 Februari 2021, tena kwa njia ya mtandao, ilhali Mkataba wa Jumuiya unataka wakuu wakutane angalau mara moja kwa mwaka.

Kwa msomaji wa huku Dodoma haya yanaweza kuonekana ni mambo ya Arusha, ya watu wa itifaki na posho. Mimi siyaoni hivyo. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na soko la nafaka la Kibaigwa, pale Kongwa barabara ya kwenda Morogoro, linaishi kwa mahindi. Siku chache baadaye Nairobi ililegeza zuio kwa masharti, na mengine yakaja kuzungumzwa na Rais Samia na Rais Kenyatta mwezi Mei, nchi kwa nchi. Vikao vya pamoja vinaposuasua, mambo ya mahindi, vibali na malori hurudi kuamuliwa hivyo, wawili wawili, na hapo mwenye soko kubwa ndiye anayepanga masharti. Kanuni za nani ahudhurie na nani asipohudhuria iweje zinamgusa mwenye gunia kabla hazijamgusa balozi.

Kuna mambo mawili ambayo mjadala huu hupenda kuyachanganya. La kwanza ni akidi: watu wangapi wawepo ndipo kikao kiwe kikao. La pili ni namna ya kuamua wakishakaa. Ibara ya 12 ya Mkataba inasema uamuzi wa wakuu utakuwa wa maafikiano. Mahakama ya Afrika Mashariki, katika ushauri wa kisheria ilioutoa mwaka 2009, ilieleza kwamba maafikiano si lazima yawe kauli moja ya kila nchi. Kwa hiyo mkiwa mmekaa, kuna nafasi ya kubishana, kushawishiana, na mwenye shaka kukubali yaishe bila kushangilia. Ukiongeza sharti la akidi ya wote, nafasi hiyo inafutwa kabla haijatumika. Asiyetaka jambo hana haja ya kuja kulipinga. Anabaki kwake, basi.

Lakini wanaotetea sharti hilo wana hoja nzito, na Mtanzania ndiye wa mwisho anayepaswa kuzidharau.

Mwaka 2013 marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walianza kukutana watatu peke yao: Entebbe mwezi Juni, Mombasa Agosti, Kigali Oktoba. Walipanga reli, viza moja ya watalii, himaya moja ya forodha, hata shirikisho la kisiasa. Tanzania na Burundi hazikuwapo. Watu wakauita muungano wa walio tayari. Tarehe 7 Novemba mwaka huo Rais Kikwete alisimama bungeni hapa Dodoma akaeleza manung'uniko ya nchi waziwazi, akataja ardhi, ajira, uhamiaji na haraka ya shirikisho kuwa ndiyo mambo ambayo Tanzania haikutaka kuburuzwa, akasisitiza kwamba hatutoki kwenye Jumuiya. Siku ile sisi ndio tuliokuwa wachache. Kama kanuni za Jumuiya zingeruhusu watatu kati ya watano kukaa na kuamua kwa jina la wote, suala la ardhi lingeweza kutufikia likiwa limeshakatwa. Ulinzi wetu ulikuwa kanuni hiyohiyo ambayo leo tunaiona mzigo.

Na kuna mfano wa zamani zaidi, ambao kwangu ndio mgumu kuliko yote. Jumuiya ya kwanza, ile ya mkataba wa 1967, ilikuwa chini ya mamlaka ya marais watatu. Idi Amin alipomwondoa Obote Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Mamlaka hiyo haikukutana tena. Mashirika ya reli, bandari na ndege yakabaki bila wakubwa wa kuyaamulia kwa pamoja, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Ilivunjika kwa sababu nyingi: fedha, itikadi, malalamiko ya nani ananufaika zaidi. Hata hivyo marais kutokukutana kwa miaka sita hakukuwa jambo dogo. Je, tuseme Mwalimu alikosea? Kwa yaliyokuja kujulikana kuhusu utawala ule, ni wachache watakaothubutu. Kutohudhuria kuliwahi kuwa kauli ya heshima, njia pekee ya nchi kusema kwamba mtu huyu hatumtambui. Ukiondoa uzito wa kiti kitupu, unaiondoa na kauli hiyo.

Kuna wanaosema pia kwamba hesabu ya vichwa haileti uhalali, na ushahidi wao uko Dodoma. Bunge Maalumu la Katiba lilipofunguliwa Februari 2014, wiki zake za kwanza ziliisha kwenye kanuni. Vifungu vya kupiga kura viliwekwa kiporo kwa sababu wajumbe hawakuelewana kama kura iwe ya siri au ya wazi, na mwisho zikaruhusiwa zote mbili. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande kivyake. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini. Bunge likaendelea bila wao, likaruhusu hata waliokuwa Hija wapige kura wakiwa hukohuko Saudi Arabia, na tarehe 2 Oktoba hesabu ikatimia pande zote mbili. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na Katiba Inayopendekezwa ikabaki hivyo, inayopendekezwa. Kanuni zilitimizwa. Kilichokosekana hakikuwa kwenye kanuni.

Hayo yote nayakubali, na bado naona sharti la wote kuwapo linaharibu zaidi ya linavyolinda.

Tazama nani hasa analitumia. Nyerere alikataa kukaa na mtu aliyetwaa nchi kwa bunduki. Leo kikao kinaweza kukwama kwa ugomvi wa majirani wawili ambao haukuhusu ajenda hata moja kati ya zilizoandaliwa. Mwezi Mei 2020, madereva wa malori walipokuwa wamekwama mipakani Namanga na Rusumo kwa vipimo vya korona, wakuu wanne walikutana kwa mtandao kushauriana. Burundi na Tanzania hazikuwamo. Sitaki kurudia hapa mabishano ya korona, kila nchi ilikuwa na msimamo wake. Ila barabara ya malori ya Rusumo inapita katikati ya nchi yetu, Dodoma na Singida, na mahali pa kuutetea msimamo wetu palikuwa palepale mkutanoni. Tulipokosekana, wengine walizungumza habari za madereva wetu bila kusikia upande wetu.

Na idadi imebadilika. Kanuni iliyofaa nchi tatu za mwaka 2000 haiwezi kufaa nane. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Kila mwanachama mpya ni mlango mmoja zaidi wa kikao kukwamia. Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, uliitishwa mkutano wa dharura kwa mtandao na Rais Tshisekedi wa Kongo hakuhudhuria. Ulifanyika hivyo hivyo na tamko likatoka. Ni jambo jema kwamba ulifanyika. Lakini mwenye nchi inayopigwa alipokuwa hayupo, tamko la kusitisha vita halikuwa na mtu wa kulibeba kwenda Kinshasa. Hapa watetezi wa sharti la wote watasema: unaona? Nami nasema ndiyo, naona, ila wengine kukaa kimya kusingewasaidia watu wa Goma hata kidogo.

Wengine wamelitatua vipi? Katiba ya Tanzania inataka nusu ya wabunge wawepo, na hesabu hiyo inakuwa na uzito wakati wa kufanya uamuzi. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, inatumia maafikiano kama sisi, lakini akidi ya vikao vyake ni theluthi mbili ya wanachama. Umoja wa Afrika nao unaanza na maafikiano, yakishindikana unakwenda kwenye theluthi mbili. Bunge la Afrika Mashariki lenyewe linataka nusu ya wabunge, na ndani ya nusu hiyo iwemo angalau theluthi moja kutoka kila nchi. Inavutia ukiisoma, maana inazuia nchi kubwa kuungana na kumsahau mdogo. Ila inaacha mlango uleule, kwa kuwa wabunge wa nchi moja wakikubaliana kutoingia ukumbini, hesabu inavurugika. Desemba 2017 wabunge wa Tanzania na Burundi walisusia uchaguzi wa spika wakipinga utaratibu wa zamu. Uchaguzi ukaendelea, Martin Ngoga wa Rwanda akachaguliwa, na kinyongo kikabaki.

Utaratibu unaonivutia zaidi ni wa Umoja wa Mabunge Duniani, chombo cha tangu 1889 ambacho Dk Tulia Ackson alichaguliwa kuwa rais wake mjini Luanda Oktoba 2023, akiwa Spika wa Bunge letu. Umoja ule haukatai kikao kwa sababu ya kasoro ya mwanachama. Unampunguzia uzito mwenye kasoro. Ujumbe uliojaa jinsia moja, mara tatu mfululizo, unakatwa mtu mmoja na idadi ya kura zake inapungua. Anayedaiwa michango inayofikia ya miaka miwili hapigi kura. Umoja wa Mataifa nao una kanuni ya namna hiyohiyo kwenye Ibara ya 19 ya Mkataba wake. Kikao kinaendelea, na gharama ya kosa anaibeba aliyekosa.

Kwa Jumuiya yetu habari ya michango ni kidonda. Kwa miaka mingi nchi zote zimetakiwa kuchanga sawa, Kenya na Burundi kiwango kilekile, na kila nchi ina sauti ileile. Ukisema kiwango sawa kinamwonea mdogo, uko sahihi. Ukisema anayelipa yote kwa wakati hawezi kuwa sawa na mwenye malimbikizo ya miaka, uko sahihi pia. Sudan Kusini, Burundi na Kongo zimetajwa mara nyingi kwa madeni haya, na vikao vya Bunge la Afrika Mashariki vimewahi kuahirishwa kwa kukosa fedha. Mkataba una meno: Ibara ya 143 inaruhusu wakuu kumchukulia hatua asiyetimiza wajibu wa fedha, ya 146 inaruhusu kumsimamisha mwanachama, ya 147 kumfukuza. Tena Ibara ya 148 inasema maoni ya nchi inayojadiliwa kusimamishwa au kufukuzwa hayatahesabiwa. Kumbe waandishi wa Mkataba walijua fika kwamba mtu hawezi kuachiwa turufu katika kesi yake mwenyewe. Meno hayo hayajawahi kung'ata, na sishauri yaanze kwa kufukuza. Mali, Burkina Faso na Niger zilisimamishwa na ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, Mali na Niger zikawekewa na vikwazo, na zote tatu zikaondoka moja kwa moja Januari 2025. Adhabu kali humtoa mtu nje, na akishatoka huna tena njia ya kuzungumza naye kama mwanachama.

Ningependa kanuni itenganishe mambo ambayo leo yamefungwa fundo moja. Kumpokea mwanachama mpya, kugusa ardhi, kwenda kwenye shirikisho: hayo yabaki ya ridhaa ya kila nchi, na isiyokuwapo ihesabike haijaridhia. Kubadili Mkataba tayari kunataka makubaliano ya wote, kuachwe hivyo. Mambo mengine yote, bajeti, ripoti za mawaziri, uteuzi, migogoro ya mizigo mipakani, akidi iwe theluthi mbili. Nchi iliyokosa ipelekewe uamuzi kwa maandishi na ipewe siku 30 za kuweka pingamizi lenye sababu. Ikinyamaza, imekubali. Ikipinga, jambo hilo, na hilo tu, lirudi kikao kijacho. Kwa njia hii nchi yenye msimamo wa heshima, kama ule wa Mwalimu, bado ina pa kuusemea, tena kwa maandishi yanayobaki kwenye kumbukumbu za mkutano. Isiyokuwa na sababu italazimika kuitafuta.

Kwa wenye madeni nisingeanza na kura. Ningeanza na uenyekiti: nchi yenye malimbikizo ya miaka miwili ipishwe kwenye zamu ya kuongoza mpaka ilipe. Na kiwango cha kuchanga kiangaliwe upya kulingana na uwezo, la sivyo tutakuwa tunaadhibu umaskini.

Sharti la akidi ya marais halihitaji hata kufungua Mkataba. Limo kwenye kanuni za utaratibu, na Mkataba umewapa wakuu wenyewe mamlaka ya kujipangia utaratibu wao. Wanaweza kulibadilisha katika kikao kimoja, siku ambayo wote wanane watakuwa wamekaa.