Jina la kiwi limetutia kiwi

Kwa Kiswahili, kiwi ni ile hali ya macho kushindwa kuona kwa sababu ya mwanga mkali. Neno hilo hunijia kila ninapoona lile tunda liitwalo kiwi, la kahawia lenye vinyweleo, limebandikwa karatasi ndogo inayosema limetoka New Zealand. Tunaliona tunda, msitu wake hatuuoni.

Msitu wenyewe uko milimani China. Huko mmea huu hujizungusha kwenye miti mirefu na kupanda nayo hadi ufikie jua, na shina lake hukomaa likawa gumu kama la mti. Machipukizi yana manyoya mekundu. Maua hufunguka meupe, kisha hugeuka manjano kadiri yanavyozeeka. Kama ilivyo kwa mpapai, kuna dume na jike, na maua hayatoi maji matamu: nyuki huyafuata kwa ajili ya chavua tu. Wachina huliita mihoutao, yaani pichi ya tumbili. Katika karne ya 8, mshairi Cen Shen wa enzi ya Tang aliutaja mmea huo ukiwa umetambaa kwenye chanja, uani, penye kisima.

Mwaka 1904 Isabel Fraser, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana huko Whanganui, alirudi New Zealand akiwa na mbegu za mmea huo kutoka Yichang, China, alikokuwa amemtembelea dada yake mmisionari. Mimea ikazaa mwaka 1910. Hayward, aina ya kijani iliyotawala masoko ya dunia kwa miaka mingi, chimbuko lake ni mbegu hizo.

Kwa miongo kadhaa tunda liliitwa kwa jina lililotaja China. Mwaka 1959 wauzaji wa New Zealand, wakiwania soko la Marekani, wakataka jina jipya. Walifikiria kwanza jina lenye asili ya tikiti, lakini matikiti yalitozwa ushuru mkubwa, basi wakachukua la kiwi, ndege wao asiyeruka. Siwalaumu. Mkulima lazima auze. Ila jina lile lilifuta mlima mzima vichwani mwetu, na kitu tusichokijua hatukililii kikipotea.

Hasara ya kusahau tulionjeshwa mwaka 2010. Bakteria aitwaye Psa alionekana Te Puke, kitovu cha kilimo cha kiwi huko New Zealand, na aina ya njano iliyokuwa ikiwapa wakulima fedha nzuri ikateketea shamba baada ya shamba. Kilichowainua ni aina nyingine ya njano, yenye kuhimili ugonjwa, iliyopatikana kwa kuchanganya mimea ya ukoo huohuo wenye asili ya China. Yaani dawa ilikuwa katika wingi wa ndugu wa mmea ule. Na ndugu hao wengi bado wako porini. Mbegu iliyohifadhiwa kwenye jokofu haikutani na ugonjwa mpya. Mmea ulioko mlimani hukutana nao msimu hadi msimu, wenye nguvu wakabaki wakazaa.

Kwa hiyo naona ni haki kila katoni ya kiwi, iwe imetoka New Zealand, Italia au China kwenyewe inakovunwa kwa wingi kuliko kwingine kote, itozwe kiasi kidogo cha kuilinda misitu hiyo. Na kwenye ile karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye ganda, pana nafasi ya kutosha kuandika mihoutao.