Midahalo ya mubashara na kiti kinachosusiwa

Novemba 2016, Miguna Miguna na Esther Passaris, wote wawili wakiutaka ugavana wa Nairobi, waliketi katika JKL (Jeff Koinange Live), kipindi cha mahojiano cha mtangazaji Jeff Koinange kilichorushwa na KTN, kituo cha televisheni cha Kenya. Miguna alimtolea mwenzake maneno ya udhalilishaji yasiyofaa kurudiwa hapa, mwendeshaji hakumkatiza kwa wakati, na kituo kikakiondoa kipindi hewani. Kwa wanaoichukia midahalo ya makabiliano, ushahidi kwamba haifai ulitimia.

Hoja yao si ya kubezwa. Usiku kama ule mtazamaji haambulii lolote kuhusu taka wala maji ya jiji, na kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara kina sababu ya kumwalika tena mzua zogo.

Hata hivyo, ile midahalo ya staha tunayoambiwa ndiyo dawa nayo tumeiona. Mdahalo wa urais wa Kenya wa Julai 24, 2017 ulikuwa na kanuni na muda uliopimwa, lakini Uhuru Kenyatta hakufika, na Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Julai 26, 2022 zamu iligeuka: Raila ndiye aliyesusa, akabaki William Ruto. Mara zote mbili aliyekosekana alikuwa ama rais mwenyewe ama mgombea aliyeungwa mkono na rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo sidhani ni la bahati tu. Staha isiyoweza kumleta mkubwa kitini inamfaa nani, kama si mkubwa huyo huyo?

Tanzania tunalijua hili kwa njia nyingine. Januari 2016, Waziri wa Habari Nape Nnauye alitangaza kuwa TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge mubashara, kwa sababu ya gharama. Wananchi wakaachiwa kipindi cha usiku kilichohaririwa. Hotuba zilibaki, ila kigugumizi cha waziri aliyeulizwa asilolitarajia, ambacho mara nyingi ndicho jibu lenyewe, hakuna mhariri anayelazimika kukiacha.

Kwa hiyo aibu ya JKL naiweka kwenye kiti cha mwendeshaji: kipaza sauti kina swichi, na mgeni anayetukana anaweza kutolewa studio bila kipindi kizima kuzikwa pamoja naye. Mwaka uliofuata JKL ilirudi hewani, safari hii kwenye kituo cha Citizen, na wageni wakaendelea kuketi uso kwa uso.