Fedha za dharura zianze kwa mama mjamzito

Corona ilipoingia Tanzania mwezi Machi 2020, wengi wetu Zanzibar tuliuhofia ugonjwa wenyewe, na tulikuwa na haki ya kuuhofia. Lakini kwa mjamzito wa Nungwi au Jambiani ambaye mumewe alitegemea kazi ya hoteli, naye akiuza pweza anaowachokoa wakati wa bamvua, janga lilianza siku ndege za watalii ziliposita. Mshahara ulikatika, na pweza akakosa mnunuzi.

Nyumba inapopungukiwa haipunguzi vyakula vyote kwa kiwango kimoja. Wali na muhogo hubaki kwa sababu hujaza matumbo. Kinachoondoka ni samaki, mayai, maziwa na matunda, yaani vile vyenye protini, madini ya chuma na vitamini ambavyo mjamzito anavihitaji kuliko mtu mwengine yeyote humo ndani. Tena katika nyumba zetu nyingi mama ndiye anayepakua, na hujipakulia mwisho. Kwa kuwa hakuna anayelala na njaa, upungufu huo hauonekani mpaka damu ipungue na mtoto azaliwe na uzito mdogo. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, ndizo zinazojenga mwili na ubongo, na udumavu ulioanza humo ni vigumu sana kuurekebisha baadaye. Watalii walianza kurudi Juni 2020, lakini mtoto aliyekuwa tumboni mwezi Aprili hakuweza kuwasubiri.

Mwezi Julai mwaka huo jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makadirio kwamba watoto milioni 6.7 zaidi, walio chini ya miaka mitano katika nchi 118 za kipato cha chini na cha kati, wangeweza kupata ukondefu kutokana na msukosuko wa uchumi. Hapo bado hatujamtaja mama anayeogopa kwenda kliniki, akakosa vidonge vya kuongeza damu, na mwanawe akakosa matone ya vitamini A ya kila miezi sita.

Naamini Zanzibar ina njia ya kuwafikia. Tangu Aprili 2016, kupitia Pencheni Jamii, Serikali huwalipa kila mwezi wazee wote waliotimiza miaka 70, kwa kuanzia shilingi 20,000, bila kuuliza nani tajiri nani maskini. Basi kila shehia iwe na orodha ya wajawazito na wenye watoto chini ya miaka miwili, na dharura ikitangazwa fedha zifike mkononi mwa mama mwenyewe, huku wahudumu wa afya wa jamii wakimpelekea vidonge nyumbani.

Ni kweli kwamba utalii ukisimama hata mapato ya Serikali hushuka. Ndiyo maana fedha hizo zinapaswa kutengwa miaka ya neema, kutoka katika tozo za wageni. Na orodha isiishie kwenye shehia za hoteli: Micheweni hoteli ni chache, lakini familia nyingi za Pemba huishi kwa kile ambacho jamaa zao hutuma kutoka Unguja.