Mchanga wa pwani, nondo na mizani ya ioni

Katika mwambao wetu, ubishi juu ya mchanga wa pwani ni wa zamani kwenye saiti za ujenzi. Upande mmoja unashikilia kwamba mchanga wenye chumvi haufai kabisa kwa zege la nondo. Upande wa pili unajibu kwamba Uingereza hutumia mchanga unaochimbwa chini ya bahari baada ya kuuosha, na kwamba kinacholeta kutu ni zege bovu kuliko chumvi. Kwa maoni yangu, upande wa pili uko karibu zaidi na kemia, ilhali ule wa kwanza uko karibu zaidi na hali ya saiti zetu.

Maji yaliyomo katika vinyweleo vya zege jipya yana haidroksidi nyingi, yaani ioni (chembe zenye chaji ya umeme) zinazoyafanya kuwa ya alkali; pH yake, kipimo cha asidi na alkali, ikiwa kati ya 12.5 na 13.5 hivi. Katika mazingira hayo uso wa nondo hujifunika kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, nao ndio unaozuia kutu. Utando huo hauwi kamili daima. Huvunjika hapa na pale, kisha hujiziba mradi haidroksidi ipo ya kutosha. Kloridi, ioni inayotoka katika chumvi, hupenya penye udhaifu na kuzuia uzibaji huo. Chuma kinapoyeyuka katika kishimo kilichofunguka, ioni zake hunyakua haidroksidi kutoka katika maji na kuacha asidi, na kloridi nyingine huvutwa humo ili kusawazisha chaji. Jambo baya zaidi ni kwamba kloridi haiishi kwa kazi hiyo, kwa sababu haibaki imefungwa katika kutu inayotokea, bali hurudi kuendeleza uharibifu.

Kwa hiyo kuuliza kuna kloridi kiasi gani, bila kuuliza inapambana na haidroksidi kiasi gani, ni kuuliza nusu ya swali. Mwaka 1967 mtafiti Hausmann alipendekeza kwamba hatari huanza uwiano wa kloridi kwa haidroksidi, kwa idadi ya ioni, unapokaribia 0.6. Tukiuchukua uwiano huo kama kipimo cha makadirio, maji yenye pH 12.5 yatastahimili takriban gramu 0.7 za kloridi kwa lita, na yale yenye pH 13.5 yatastahimili takriban gramu 6.7, yaani mara kumi zaidi. Maji ya bahari yana gramu 19 hivi. Hewa ukaa inapopenya na kushusha pH hadi karibu 9, utando hupotea hata pasipo chumvi yoyote. Hapo wanaolaumu zege bovu wana hoja nzito, kwani zege lenye maji mengi kupita kiasi, au linalofunika nondo kwa sentimita moja tu, hufungua njia kwa kloridi na hewa ukaa kwa pamoja.

Saruji nayo ina mchango wake. Aluminati, mojawapo ya viambato vyake, hufunga sehemu ya kloridi ili isielee huru, lakini saruji inayostahimili salfeti, chumvi nyingine ya bahari inayoshambulia zege lenyewe, hupunguziwa aluminati hiyo hiyo. Anayejenga gati huhitaji kinga dhidi ya salfeti na kloridi za bahari kwa wakati mmoja, na hatua inayomwokoa na moja humdhoofisha mbele ya nyingine. Tena, kloridi iliyofungwa inaweza kufunguliwa hewa ukaa inapoingia, kwa hiyo si hesabu ya kutegemea milele.

Wapo wanaotetea kuongeza kwenye zege kemikali ya kuzuia kutu iitwayo kalsiamu nitriti, ambayo kweli husaidia utando kujiziba kwa kuoksidisha chuma kinachoanza kuyeyuka. Ila ikiwekwa pungufu ukilinganisha na kloridi, inaweza kulinda sehemu kubwa ya uso na kuelekeza shambulio lote kwenye mashimo machache, ambako nondo huliwa kwa kina bila dalili nyingi za nje. Siwezi kuipendekeza mahali ambapo saruji hupimwa kwa ndoo.

Kanuni za Ulaya huruhusu kloridi hadi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji kwa zege la kawaida la nondo, na kiwango cha chini zaidi pale nondo zinapovutwa kwa nguvu kabla. Kipimo hicho kina maana pale tu mchanga unapopimwa kila shehena. Nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti hazikuwa na nondo za kuliwa na kloridi, kwa hiyo si ushahidi kwamba chumvi haina neno.

Kwa nguzo na mihimili, basi, nauunga mkono msimamo mkali: mchanga wa pwani usitumike, mpaka uoshwe na cheti cha kipimo kionekane. Hata huko kuosha kuna tatizo lake, kwani visima vingi vilivyo karibu na ufuo vyenyewe vina maji ya chumvi.