Trauti wa California: waliodai tathmini hawakuwa maadui wa ndoano

Mashirika mawili ya uhifadhi, Pacific Rivers Council na Center for Biological Diversity, yalipoishtaki idara ya samaki ya jimbo la California mwaka 2006, hayakuiomba mahakama ifunge vituo vya serikali vya kutotolesha vifaranga vya trauti, samaki wa maji baridi wanaomwagwa maziwani na mitoni ili wavuliwe, wala hayakuomba wavuvi wa ndoano wafukuzwe katika maziwa ya milimani. Yalidai jambo ambalo mjenzi wa bwawa au barabara mpya katika jimbo hilo hulazimika kulifanya bila kubembelezwa, yaani kuchunguza na kuandika athari za kazi yake kwa mazingira. Hata hivyo kesi hiyo imekuwa ikisimuliwa tangu wakati huo kama ugomvi wa mvuvi na chura anayeliwa na samaki hao, na ukiisimulia hivyo ni rahisi kuona ni nani atakayeonekana mtu asiye na akili timamu. Naona inafaa kuitazama upya, kwa sababu hoja ya walalamikaji ilikuwa na uzito mkubwa kuliko walivyosifiwa, na udhaifu wake wa kweli haupo pale ambapo wapinzani wao wamekuwa wakiutafuta.

Sheria ya jimbo hilo kuhusu ubora wa mazingira ilipitishwa mwaka 1970. Kanuni zinazoitekeleza zina orodha ya shughuli zilizosamehewa tathmini, na katika kifungu cha 15301, kinachohusu miundombinu ambayo tayari ipo, upandikizaji wa samaki unaofanywa na idara umetajwa katika orodha moja na ukarabati wa barabara na matunzo ya majengo. Mantiki yake inaeleweka: kazi hii ilianza karne ya 19, na mtu akifanya leo alichokifanya jana haonekani kuleta jambo jipya. Lakini bomba linalokarabatiwa halizaliani, halili wenzake wala halibebi maradhi kutoka bonde moja hadi jingine. Mwaka 2007 mahakama ya Sacramento, mji mkuu wa jimbo, iliamuru tathmini ifanywe, mwaka 2008 ikaweka vizuizi vya muda kwenye maji yenye viumbe walio hatarini, na Januari 2010 idara ikatoa ripoti yake pamoja na shirika la serikali kuu linalosimamia samaki na wanyamapori. Serikali kuu iliingia kwa sababu sehemu ya fedha za vituo hivyo hutokana na ushuru wa vifaa vya uvuvi unaogawiwa majimbo kwa sheria ya mwaka 1950.

Ili kuelewa kwa nini tathmini hiyo haikuwa anasa, hebu tuyatazame maziwa yenyewe. Maziwa mengi ya nyanda za juu za safu ya milima ya Sierra Nevada hayakuwa na samaki hata mmoja kabla ya binadamu kuwapeleka. Barafu ya kale iliyachimba, na maporomoko ya maji yaliyo chini yake yakawazuia samaki kupanda. Trauti walifikishwa huko kwa mikono ya watu: kwanza migongoni mwa nyumbu, ndani ya madebe, na baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ndege zilizopita chini juu ya ziwa na kumwaga vifaranga wenye urefu wa kidole pamoja na maji yao. Aliyekuwa akiishi humo ni chura wa milimani mwenye miguu ya manjano.

Chura huyu ana desturi moja iliyomponza. Viluwiluwi wake hawawi vyura katika msimu mmoja, kwa kuwa kiangazi cha huko juu ni kifupi na maji ni baridi. Huchukua miaka 2 hadi 4 kukomaa. Maana yake ni kwamba kila kiluwiluwi lazima apitishe majira kadhaa ya baridi chini ya barafu, na vyura wakubwa nao hulala humohumo chini kwa miezi mingi ya mwaka. Dimbwi la kina kifupi halimfai, maana wakati wa kiangazi hukauka na wakati wa baridi huganda hadi chini. Anahitaji ziwa lenye kina, lisilokauka wala kuganda lote. Sasa tujiulize, trauti aliyemwagwa kutoka angani ataweza kuishi katika ziwa la namna gani? Ni lile lile, na humo huwala viluwiluwi. Kwa hiyo hata kama ni sehemu tu ya maji ya milimani yaliyopandikizwa samaki, sehemu hiyo ndiyo hasa ambayo chura hawezi kuishi bila kuwa nayo, na vidimbwi vilivyobaki bila samaki ni vyumba visivyo na paa. Takwimu za idara zilizohesabu ni maziwa mangapi yameachwa bila kuguswa zilikuwa sahihi kwa hesabu, lakini hazikuwa na maana kwa chura.

Wala hili halikuwa fumbo lililosubiri sayansi ya karne ya 21. Joseph Grinnell na Tracy Storer, wataalamu wa wanyama walioichunguza mbuga ya Yosemite kati ya miaka ya 1910 na 1920, walimkuta chura huyu akiwa amfibia wa kawaida kuliko wote, na mwaka 1924 walikwisha kuandika kwamba samaki wakiingia ziwani vyura hutoweka au hukaribia kutoweka. Onyo hilo lilikaa kwenye kumbukumbu zaidi ya miaka 80 kabla ya jaji kuilazimisha idara kulijibu kwa maandishi. Katika kipindi hicho chura alipotea katika zaidi ya asilimia 90 ya maeneo aliyokuwa akijulikana kuishi, na mwaka 2014 serikali kuu ikamweka chura wa Sierra Nevada kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka.

Upande wa pili una jibu, na si jibu la kupuuzwa. Wanasema kwamba muuaji mkubwa wa vyura duniani ni ugonjwa wa kuvu ujulikanao kama kitridi, ambao umefuta vyura hata katika maziwa ambayo hayakuwahi kuona trauti. Hilo ni kweli. Ila hoja hii huishia njiani. Mtafiti Vance Vredenburg aliwaondoa trauti katika maziwa 5 kuanzia mwaka 1996, na vyura wakaongezeka humo ndani ya miaka michache tu. Yosemite, ambako upandikizaji ulikomeshwa mwaka 1991, ushahidi ni mpana zaidi: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia kumbukumbu za miaka 20, ulionyesha vyura wakiongezeka kwa asilimia 11 kwa mwaka.

Nimeirudia namba hiyo mara nyingi, na kila ninapoirudia inanishangaza. Asilimia 11 kwa mwaka ina maana idadi hujizidisha mara mbili takriban kila miaka 7, na katika kipindi chote cha uchunguzi iliongezeka mara 7. Na yote haya yalitokea kuvu ikiwa bado imo majini. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba kusitisha upandikizaji peke yake ndiko kulikoleta ahueni, kwani wanaona pia dalili kwamba vyura walianza kuumudu ugonjwa. Lakini kiumbe anayepambana na maradhi akiwa wachache waliobanwa pembeni mwa ziwa hana nafasi sawa na yule aliye wengi na mwenye pa kukimbilia. Kuvu hatuwezi kuiondoa milimani. Trauti tunawapeleka wenyewe. Kwa hiyo kusema ugonjwa ndio tatizo kubwa zaidi ni sababu ya kupunguza mzigo mwingine, wala si ruhusa ya kuuongeza.

Hoja nzito zaidi za wavuvi ni zile zinazohusu fedha na mahali. Wao ndio wanaolipia. Leseni zao na ushuru wa ndoano na mishipi yao vimegharimia kazi nyingi za uhifadhi ambazo walipa kodi wa kawaida hawakuzichangia, na miji midogo ya upande wa mashariki wa Sierra, kama Bishop na Bridgeport, hutegemea msimu wa trauti kwa riziki. Tena, sehemu kubwa ya samaki wanaopandikizwa huingizwa katika mabwawa ya kutengenezwa na vidimbwi vya bustani za mijini, mahali ambapo hakuna chura wa milimani wala trauti wa asili wa kulindwa, na ambapo mtoto hushika fimbo ya kuvulia kwa mara ya kwanza. Kwa maji ya namna hiyo, makaratasi ya tathmini ni gharama isiyo na faida, na vizuizi vya mwaka 2008 viliwaudhi watu ambao hawakuwa wameharibu chochote. Leseni za mwaka za uvuvi zinazouzwa California zilikuwa zaidi ya milioni 2 mwaka 1980 na zimeshuka kwa zaidi ya nusu tangu hapo. Mwenye biashara ya chambo anayeona kila kizuizi kipya kama msumari mwingine kwenye jeneza lake ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Lakini angalia hoja hiyo inaelekea wapi. Ikiwa maji ya bustani ya mji hayana hatari na ziwa la mlimani linayo, basi kinachotakiwa ni mtu wa kuyatofautisha, na kuyatofautisha ndiyo tathmini yenyewe. Kilichokuwepo kabla ya 2007 ni msamaha mmoja kwa maji yote. Ripoti ya 2010 ilileta utaratibu wa kukagua kila eneo kabla ya kupandikiza: nani anaishi hapa, je, samaki wetu watamla, watazaliana naye au watamwambukiza? Pale penye trauti wa asili wa kulindwa, njia mojawapo ni kupeleka samaki tasa, ambao mayai yao yaligandamizwa kwa shinikizo au kupashwa joto mara baada ya kurutubishwa ili wakikua wasizae. Trauti wa dhahabu wa bonde la mto Kern, ambaye ndiye samaki rasmi wa jimbo kwa upande wa maji baridi, amechanganyikana damu na trauti wa vituoni kwa kiasi ambacho mbinu hiyo ingeokoa mengi kama ingeanza mapema. Kuhusu maradhi, mwaka 2020 bakteria aina ya lactococcus walivamia vituo 3 vya kusini na mashariki mwa jimbo, na samaki milioni 3.2 wakateketezwa. Mvuvi aliyekosa samaki msimu ule hakuwa mhanga wa wanaharakati.

Wala mwisho wa kupandikiza si lazima uwe mwisho wa kuvua. Montana iliacha kuingiza trauti wa vituoni katika mito yake mwaka 1974, baada ya mwanabiolojia wa jimbo, Dick Vincent, kuonyesha kwamba trauti wa mwituni wa mto Madison waliongezeka pale upandikizaji uliposimama. Wenye hoteli na maduka walipiga kelele wakati ule. Leo mito hiyohiyo ni kivutio cha wavuvi kutoka mbali. California haina mito kama ya Montana kila mahali, na mfano huu hauhamishiki kwenye bwawa la mjini, lakini unatosha kuiondoa dhana kwamba samaki wa kituoni na mchezo wa kuvua ni kitu kimoja.

Udhaifu wa kweli wa tathmini uko kwenye hali ya kuanzia, yaani picha ya mazingira ambayo athari hupimwa dhidi yake. Idara ilichukua upandikizaji wa miaka ya karibuni kuwa ndiyo hali ya kawaida, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya California ikaikubali njia hiyo. Mahakama ilikataa pia hoja kwamba ripoti ilipaswa kuchambua kila ziwa, ikaridhika na utaratibu wa kukagua baadaye. Kwa mwanasheria uamuzi huo una mantiki, kwa kuwa sheria hupima mabadiliko. Kwa chura, una maana kwamba zaidi ya karne ya trauti imehesabiwa kuwa sifuri. Na kwa kuwa katika maziwa mengi trauti wanazaliana wenyewe, kusitisha ndege hakuyarudishi maji yale yalivyokuwa. Anayetaka kuyarudisha hulazimika kupanda mlimani na nyavu za makila, zinazowanasa samaki wakipita, kuzitega, kuzipandua na kuzirudisha tena kwa miaka, kama zinavyofanya mbuga za Sequoia na Kings Canyon tangu mwaka 2001. Uamuzi huohuo wa 2015 ulifuta masharti ambayo idara ilikuwa imewawekea wenye vibali vya upandikizaji wa binafsi, kwa kuwa hayakupitia njia halali ya kutunga kanuni, na hapo wafugaji wa samaki walishinda kwa haki.

Kuna pia jambo ambalo ripoti haikuwa na uwezo wa kuligusa. Sheria ya jimbo ya mwaka 2005 inaelekeza theluthi moja ya mapato ya leseni za uvuvi wa burudani kwenye mfuko wa vituo na samaki wa maji baridi, na inaweka lengo la ratili 2.75 za trauti kwa kila leseni inayouzwa, sawa na kilo 1.25 hivi. Sheria hiyo inatenga pia fungu kwa trauti wa asili na wa mwituni, na kwa hilo inastahili sifa. Ila lengo kuu ni uzito. Msimamizi wa kituo anaweza kukagua kila ziwa kwa uaminifu, akakuta baadhi hayafai, na bado ratili zilezile zikamsubiri zipelekwe mahali pengine kabla ya mwaka kwisha. Maadamu Bunge la Sacramento linapima mafanikio kwa mizani ya samaki waliomwagwa, kila ukaguzi unaosema hapana utaonekana na wakubwa wa mkaguzi kuwa ni upungufu katika hesabu, na marekebisho ambayo wavuvi na wahifadhi wangeweza kuyadai kwa pamoja ni kuiruhusu theluthi hiyo ilipie pia siku za nyavu za makila kule juu, na kazi hiyo ihesabiwe kwenye lengo.